Mchuma chai wa Gesima aliyejifunza kuacha kuandika ‘alihuzunika’

Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya Gesima, Kaunti ya Nyamira, na wanawake wanne wako kwenye chai. Aproni zao za plastiki zimelowa hadi magotini. Mikono haihitaji macho tena: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kisha konzi nzima inarushwa nyuma ya bega hadi kikapuni bila mtu kugeuka.

Lorna Nyanchera, 33, yuko mstari wa pili. Anachuma na kusimulia.

“Basi yule mama akafika, akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Akabisha. Kimya. Akaweka sufuria chini…”

“Sufuria ya nini?” anauliza jirani yake, Purity, bila kuinua kichwa.

“Ya maziwa.”

“Imejaa ama nusu?”

“Sijui,” anasema Lorna.

“Basi nenda ujue, halafu urudi. Mimi niko hapa mpaka saa sita.”

Wengine wanacheka. Lorna naye anacheka, kisha anachomoa kalamu kwenye kitambaa cha kichwa, anafungua mfuko wa nailoni uliofungwa kiunoni, anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne na kuandika neno moja. Anairudisha. Mikono inaendelea.

Hivi ndivyo anavyofanyia kazi hadithi zake. Hana meza, hana kompyuta. Anao wanawake watatu wanaochuma kando yake.

“Mikono yao ikiendelea kwenda, najua hadithi haijaingia,” anaeleza. “Ikisimama, najua nimefika mahali.”

“Na mwenye shamba akiikuta imesimama, tunajua tumefika mahali pabaya,” Purity anadakia.

Lorna alizaliwa Ikonge, mtoto wa nne kati ya saba. Alimaliza darasa la nane mwaka ambao baba yake aliugua, na barua ya kuitwa shule ya upili ikabaki juu ya kabati hadi panya wakaila pembe. Aliolewa Gesima akiwa na miaka ishirini. Leo anachuma chai ya nyumbani, robo ekari, na siku nyingine anachuma ya majirani kwa shilingi 15 kwa kilo. Siku nzuri hufikisha kilo 35. Siku ya mvua ya mawe hafikishi kitu.

Kuandika alianza shuleni, na anakiri kwamba shule ndiyo iliyompa tatizo lake la kwanza.

Wengi waliosoma shule za msingi za huku watakumbuka daftari la insha. Mwalimu aliandika ubaoni maneno ya kupendeza, watoto wakayanakili, kisha wakayakariri na kuyamwaga siku ya mtihani. Lorna bado analo lake. Jalada limetoka, lakini ndani maneno yako sawa, yamepigiwa mstari kwa rula: machozi yakamtiririka njia mbili mbili, akafurahi ghaya ya kufurahi, huzuni isiyo na kifani.

“Nilikuwa mzuri sana wa insha,” anasema huku akilipangusa daftari kwa kiganja. “Nilipata alama 34 kwa 40. Kwa hiyo nilijua kuandika. Hivyo ndivyo nilivyofikiria.”

Miaka mitatu iliyopita, Jumamosi moja, siku ya Sabato kwao, alisikia kanisani kwamba kuna chama cha wasomaji kinachokutana Nyanchwa, pembeni mwa mji wa Kisii, na kwamba kinakusanya hadithi kumi na mbili za kuchapishwa katika kijitabu cha watoto wa shule. Anayezisimamia ni Machogu, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Lorna aliandika hadithi ya tajiri mmoja wa Nairobi, jumba lake, magari yake na mke wake asiyemjali.

Mwalimu Machogu aliisoma yote mbele yake.

“Huyu tajiri, akikaa kwenye hili kochi, miguu inafika chini?” akamuuliza.

“Sijui, Mwalimu.”

“Wewe umewahi kulikalia?”

“Hapana.”

“Haya. Rudi na mtu ambaye umewahi kukaa karibu naye.”

Lorna alirudi Gesima akaandika juu ya mtu ambaye hulala naye ukuta kwa ukuta, mama mkwe wake. Mume wake, Osoro, alifariki Mei 2021 kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka 34. Alimwachia watoto wawili, Lavender na mdogo wake wa kiume, na alimwacha katika boma moja na mama mkwe wake, Bathsheba Nyanchoka, ambaye sasa ana miaka 68. Wanawake hao wawili hupika jiko moja. Hadithi mpya ilikuwa ya mama aliyefiwa na mwanawe.

Sentensi yake ya kwanza ilisema hivi: “Mama huyo alikuwa na huzuni kubwa isiyo na kifani, kwani alimpenda mwanawe kuliko kitu chochote duniani.”

Karatasi zilirudi na maandishi ya kalamu nyekundu pembeni: Umeniambia. Sijaona. Rudia.

Akarudia. Alifungua daftari la insha na kuongeza. Huzuni kubwa ikawa huzuni kubwa mno. Machozi yakatiririka njia mbili mbili, halafu usiku kucha, halafu hadi mto ukajaa. Zikarudi tena. Mwalimu alikuwa ameandika neno moja tu: Sijaona.

“Nilikasirika,” Lorna anasema. “Nikasema, huyu mzee anataka nini? Nimemlilia mpaka mto umejaa.”

Jibu alilipata mahali ambapo hakulitafuta. Jumatatu hupeleka ndizi mjini Kisii, na siku hiyo aliingia duka la vifaa vya kuandikia kutoa nakala. Duka ni la Indira Ratilal, mama wa miaka 71, ambaye mji mzima unamwita Mama Dev kwa jina la mwanawe mkubwa. Mashine yake ya nakala ni ya zamani na huchukua muda kupata moto. Wakati ikipata moto, yeye husoma anachoenda kukitoa nakala. Hasomi kwa siri. Huvaa miwani kabisa.

“Dada, hapa umesema mama alikuwa na huzuni,” akamwambia Lorna. “Nani amekuambia?”

“Si ni mimi nimeandika, Mama Dev.”

“Najua. Lakini wewe umejuaje? Alikuja akakuambia, mimi nina huzuni?”

Lorna akasema hapana, mtu hawezi kusema hivyo.

“Basi ulijuaje?”

Kulikuwa na wateja wawili nyuma yao. Mama Dev aliwahudumia, akarudi, akaegemea kaunta. Akamweleza jambo ambalo Lorna anasema hatalisahau.

“Mume wangu akifa, hakuna mtu hapa Kisii aliona mimi nalia. Nilifungua duka siku ya kumi na nne. Watu wakasema, huyu mama ana moyo mgumu. Lakini uliza mtu yeyote alinunua kitu hapa mwezi ule. Kila daftari nilifunga na karatasi ya zawadi. Mtoto anakuja kununua penseli moja, anatoka na zawadi, na utepe juu. Kwa sababu kufunga zawadi ilikuwa kazi ya Ratilal. Mimi sikuwa najua kufunga. Nilijifunza mwezi ule.”

Kisha akabonyeza mashine, ikatoa karatasi nne, na akakataa kupokea pesa ya ile ya nne kwa sababu ilitoka na doa.

Tulipomtembelea dukani kwake, Mama Dev alisema hakumbuki vizuri mazungumzo hayo. “Mimi naongea na kila mtu,” alisema. “Lakini huyu msichana alisimama pale mlangoni na ndizi zake, hatoki. Nikafikiria nimempa nakala mbaya.”

Lorna alikuwa amesimama kwa sababu alikuwa anakumbuka mfuko mdogo.

Katika kituo cha kununulia majani chai cha kijiji chao, kila mkulima ana namba yake. Karani akishapima, huita jina kwa sauti, mwenyewe huitika, na risiti hutoka. Namba ya Osoro haijafungwa, kwa sababu mambo ya mirathi hayajaisha. Na kila siku ya kupima, Bathsheba huenda na mifuko miwili. Mmoja mkubwa, wa namba yake. Mmoja mdogo, kilo mbili, tatu, wa namba ya mwanawe.

“Mimi nilikuwa nasimama nyuma yake kwenye foleni,” anasema Lorna. “Miaka miwili. Nilifikiri anaweka kando kitu cha watoto. Sikuwahi kutazama.”

Wiki hiyo alitazama. Aliona kwamba mfuko mkubwa mama mkwe huubeba mgongoni, lakini ule mdogo huukumbatia kifuani. Aliona kwamba majani ya mfuko mdogo, yakimwagwa juu ya meza ya kuchagulia, hayakuwa na hata moja gumu, wakati ule mkubwa karani huuchambua akinung’unika. Aliona kwamba jina la Bathsheba likiitwa, mama huyo huwa anazungumza na watu, anaitika huku amegeuka. Likiitwa la Osoro, huacha mazungumzo katikati na kusogea karibu na mizani. Risiti yake huikunja na kuisahau mfukoni. Ile nyingine huishika mkononi hadi nyumbani, kilomita moja na nusu, hata mvua ikinyesha.

Lorna aliandika hayo. Hakuweka huzuni, hakuweka machozi. Daftari la insha alilifungia kabatini, na anasema mkono ulimwasha kulifungua.

Aliwajaribia wenzake shambani. Hakufika mwisho.

“Niliacha kuchuma,” anasema Purity, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hafanyi mzaha; Bathsheba humwita Omong’ina, yaani mama mzee. “Mimi humwona Omong’ina na mifuko yake kila wiki. Nilikuwa nafikiri ni mambo ya uzee tu.”

Hapo ndipo tatizo la pili lilipoingia, kubwa kuliko la kwanza. Hadithi ya zamani, ile ya mto uliojaa, ingeweza kuwa ya mama yeyote. Hii haikuwa ya mama yeyote. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye foleni ile angejua ni nani. Mwalimu Machogu alikuwa amepewa siku na mchapishaji: hadithi isipofika Ijumaa kabla ya saa sita, nafasi ya kumi na mbili ingepewa mtu mwingine.

Purity alimpa ushauri wa haraka. “Omong’ina hasomi Kiswahili. Badilisha jina, peleka. Atajulia wapi?”

“Atajulia kituoni,” Lorna akamjibu. “Siku moja mtu atamcheka, ama mtu atamwonea huruma. Na hiyo ya huruma ndiyo mbaya zaidi kwake. Halafu hataenda tena na ule mfuko.”

Kwa Lorna, hilo ndilo lililokuwa mizanini. Hadithi yake ya kwanza kuchapishwa maishani, upande mmoja. Upande wa pili, mama mkwe ambaye tangu msiba hajawahi kumwambia aende kwao, kama wajane wengine wanavyoambiwa.

“Alinigawia mistari ya chai iliyo karibu na barabara, ile rahisi,” anasema. “Yeye akachukua ya mteremkoni. Na magoti yake hayo. Sasa mimi nimlipe kwa kumwanika mbele ya watu?”

Alhamisi alasiri alimkuta Bathsheba jikoni akichambua mboga za chinsaga. Akaketi. Akamwambia ameandika kitu, na kwamba ni juu yake, na kwamba akikataa kitaingia motoni sasa hivi, moto uko hapo. Kisha akamsomea, sentensi moja kwa Kiswahili, sentensi hiyo hiyo kwa Ekegusii.

Alipofika kwenye mizani, Bathsheba aliweka sinia chini na kutoka. Lorna alimwona kupitia mlangoni akienda kumfunga ndama. Ndama alikuwa amefungwa tayari. Akamfungua, akamfunga tena.

“Nilijua nimemkosea,” anasema Lorna. “Nilikunja zile karatasi. Nilikuwa nimezisogeza karibu na moto kabisa.”

Bathsheba alirudi, akachukua sinia lake, akaendelea kuchambua mboga. Mazungumzo yaliyofuata tumesimuliwa na wote wawili, na hawatofautiani ila katika jambo moja: Bathsheba anasema hakukaa nje muda mrefu.

“Mama Lavender, umeandika uongo,” akasema.

“Wapi, Mama?”

“Hapo mwisho. Umesema karani akiita, mimi nasogea, sisemi kitu.”

“Sijawahi kukusikia ukisema kitu.”

“Mimi huitika. Jina limeitwa, nani ataitika? Naitika polepole. Karani peke yake ndiye husikia.”

“Unaitikaje?”

“Nasema, yupo.”

Lorna anasema aliomba kalamu, wakati kalamu ilikuwa kichwani pake. Akaandika pale pale, karatasi juu ya goti. Mama mkwe akangoja amalize, akampa masharti mengine. Mfuko usiitwe mdogo, uitwe mfuko tu. Isemwe wazi kwamba majani yale yalichumwa mteremkoni, ambako chai ni tamu zaidi. Na majina.

“Mwalimu amesema tubadilishe majina yote,” Lorna alimweleza.

“Mimi niite unavyotaka. Niite hata Nyamongo,” akasema Bathsheba, akitaja jina la kiume, na ikawa mara ya kwanza alasiri hiyo kucheka. “Lakini yeye usimbadilishe.”

Ijumaa saa nne Lorna alikuwa Nyanchwa. Alipanda kilima kwa miguu kwa sababu hakumwamini mwendeshaji boda boda na zile karatasi kwenye mvua. Mwalimu Machogu alianza kusoma akiwa amesimama mlangoni. Karatasi ya pili aliisoma akiwa ameketi. Alipomaliza alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

“Hakusema ni nzuri,” Lorna anakumbuka. “Aliniuliza kama nimekula. Akamwita mke wake, nikaletewa chai na viazi vitamu, halafu yeye akaniacha nikila akaingia ndani na zile karatasi.”

Tulipomuuliza Mwalimu Machogu kwa nini alirudisha hadithi ya mtu asiye na kisomo kikubwa mara mbili bila kumweleza kosa liko wapi, “Nilifundisha insha miaka thelathini na moja,” alisema. “Yale maneno ya machozi njia mbili mbili, ni mimi na wenzangu tuliowapa. Sasa ningeanzia wapi kumwambia?” Jina la Osoro alilikubali bila kubishana.

Kuhusu shukrani, Lorna ana orodha, na huisema bila kuulizwa. Purity, kwa yale maswali ya kuudhi. Mwalimu, kwa kalamu nyekundu. Mama Dev, ambaye alimpelekea mkungu wa ndizi mbivu baada ya habari njema, na ambaye aliupokea, akaingia nyuma ya duka, akarudi na madaftari matatu yaliyofungwa kwa karatasi ya zawadi.

“Fundo lake sasa ni zuri,” anasema Lorna. “Nilikaa nalo siku mbili kabla ya kulifungua.”

Daftari moja tayari limejaa. Ndani mna hadithi tatu ambazo hazijaisha, mojawapo ikiwa ya yule mama mwenye sufuria ya maziwa. Mipango yake si mikubwa. Anataka kuandika hadithi kumi na mbili zake mwenyewe, zote za watu ambao amewahi kusimama nao kwenye foleni, na kila mmoja asomewe kwanza kabla ya karatasi kutoka nyumbani. Anajua njia hiyo ni ndefu. Tayari mmoja amekataa, na hadithi yake imeingia motoni kama walivyokubaliana.

“Ilikuwa nzuri kuliko hii,” anasema, akitabasamu kwa shida. “Lakini haikuwa yangu.”

Kijitabu kitatoka Septemba, nakala mia tatu, na kitazinduliwa katika shule moja ya msingi huko Ikonge, karibu na alikozaliwa Lorna. Watoto watasoma hadithi kwa sauti mbele ya wazazi, na Mwalimu Machogu ameomba wale walioandikwa waalikwe pamoja na walioandika. Matumaini ya Lorna ni kwamba mama mkwe wake atakubali kukaa mstari wa mbele.

Bathsheba mwenyewe, tuliyemkuta akishuka mteremkoni na kikapu, alisema hana haja na mambo ya vitabu. Yeye ni mzee, magoti yanamuuma, Ikonge ni mbali, na chai ya Septemba haingoji mtu.

Lakini wiki hii, Lorna anasema, amemuuliza mara tatu kama siku hiyo itaangukia Sabato.